Mto Niliouita wa Muda

Kwa miaka 18 nimekula kwa kutafsiri. Si riwaya, wala hotuba za wakubwa. Natafsiri vile vijitabu vinavyoning'inizwa kwa uzi kwenye ukuta wa zahanati, maelekezo ya dawa za mifugo, miongozo ya vikundi vya kuweka na kukopa. Ni kazi ambayo jina lako haliandikwi popote, na ukikosea kwa kawaida hujui, maana msomaji aliyekwazika haandiki barua. Anakifunga kijitabu, basi. Nakaa Dodoma. Hapa nasimulia habari ya neno moja nililolikosea, na safari hiyo nikaambiwa.

Neno lenyewe ni la Kiingereza, "ephemeral", na Kiingereza nacho kililichukua kwa Wagiriki. Kwao "hemera" ni siku, na "ephemeros" ni kitu cha siku moja, kinachoanza na kwisha ndani ya mzunguko mmoja wa jua. Mara ya kwanza nilikutana nalo kwenye karatasi ya ugonjwa wa ng'ombe. Ng'ombe anashikwa na homa kali, anachechemea, analala hataki kuinuka, halafu siku ya tatu hivi anasimama na kuanza kula. Kirusi chake huenezwa na wadudu wanaouma. Niliwauliza wafugaji wanauitaje ugonjwa huo, wakanijibu papo hapo: homa ya siku tatu. Nikaandika hivyo na kuendelea. Sikujiuliza kwa nini Mgiriki alihesabu siku moja na mfugaji akahesabu tatu. Nilidhani neno hilo nimeshalimaliza.

Mwaka 2019 nikapewa kijitabu cha kurasa 40 kuhusu maji ya chini ya ardhi, cha kugawiwa katika vijiji vilivyo kandokando ya makorongo. Anayeijua Dodoma anajua uzito wa jambo hili. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima wastani wake hauzidi sana milimita 600. Mito yetu mingi ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mvua ikipiga huko juu, maji yanashuka kwa saa chache, mazito, rangi ya udongo, yamebeba magogo na pengine mbuzi wa watu, kisha yanaisha. Mito ya namna hii wataalamu wanaiita kwa neno lile lile la homa ya ng'ombe.

Nikakaa na kamusi zangu. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya vitu visivyodumu. Kinayo mengi, ila karibu yote yana kilio ndani yake. Baba yangu alipofariki, wanawake waliokaa mkekani na mama walikuwa wakirudia maneno mawili tangu alfajiri hadi tulipotoka kwenda makaburini: dunia mapito, mwenzetu, dunia mapito. Watu wa Pwani walilitungia jambo hili utenzi mzima mwanzoni mwa karne ya 19, Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, anayeuzungumzisha moyo wake akitazama majumba ya Pate yaliyobaki magofu, na uhai wa mtu anaufananisha na taa iliyowekwa kwenye upepo. Ukisema mapito, basi, anayekusikia ananyamaza na kuinamisha kichwa. Siwezi kumwandikia mkulima "mito ya mapito" halafu nikaendelea kumweleza habari za pampu na mabomba. Na "mpito" limeshachukuliwa na siasa: serikali ya mpito, kipindi cha mpito.

Nikachagua "mito ya muda". Niliipenda. Fupi, safi, mtoto wa darasa la nne anaielewa. Niliiandika mara 31 katika kijitabu kile.

Kilipochapwa, nikaombwa kwenda katika kijiji kimoja kaskazini mwa jiji kukisoma kwa sauti mbele ya mkutano, kwa kuwa wazee wengine macho hayaoni vizuri. Tulikutana chini ya mbuyu. Nikawaamkia kwa Kigogo changu cha kubabaisha, "Mbukwenyi", wakaitikia kwa upole. Ajenda ilikuwa mchanga. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa kishindo, na zaidi baada ya Dodoma kupewa hadhi ya jiji Aprili 2018, kila kona panajengwa, na kila nguzo ya zege inataka mchanga. Mchanga mzuri, ule mkavu usio na udongo, uko korongoni. Malori yalikuwa yakiingia korongo la kijiji kile usiku na mchana.

Nilipomaliza kusoma, bwana mmoja mwenye malori akaomba nafasi. Alikuwa mtu mstaarabu, hakupaza sauti. Akafungua ukurasa wa nne wa kijitabu changu, akasoma mstari niliouandika mimi, akakifunga.

"Ndugu zangu," akasema, "wataalamu wenyewe wameandika. Huu ni mto wa muda. Kitu cha muda si ndicho kinachoondoka? Sasa sisi tukichota mchanga tunamwondolea nani mto?"

Jasho lilinitoka mgongoni. Hakuwa amepotosha chochote. Katika Kiswahili cha kila siku ndivyo neno lile linavyofanya kazi. Kibanda cha muda ni kile ambacho siku moja watu wa halmashauri watakuja kukivunja. Kibarua wa muda hana mafao. Kibali cha muda kina tarehe yake ya mwisho chini kulia. Nilidhani nimeandika kwamba maji ya mto huu hayakai siku nyingi. Kumbe nilichoandika ni kwamba mto huu hauna haki ya kuwepo. Na nimekiandika mara 31, kwa herufi nzuri, kikapigwa chapa.

Bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye mzizi wa mbuyu, kaniki kiunoni, fimbo mapajani. Akauliza bila kusimama, "Nani ameliandika hilo neno?"

Mwenyekiti akanionyesha.

"Mjukuu wangu, wewe unakunywa maji ya wapi?"

"Ya bomba, bibi."

"Na bomba linatoka wapi?"

"Visima vya Makutupora."

"Na huko Makutupora maji yanatoka wapi?"

Nilikaa kimya. Nakiri nilikuwa nimekitafsiri kijitabu kizima na jibu limo ukurasa wa 17, lakini nilikuwa nimelipitia kama mtu anayebeba mizigo ya wenzake bila kujua ndani kuna nini. Akaniambia nilale hapo kijijini, alfajiri nimfuate.

Nilimfuata. Ilikuwa Septemba, na mvua ya mwisho ilinyesha Aprili. Korongo lilikuwa pana kama barabara kuu, mchanga wake wa baridi asubuhi ile, umejaa nyayo za mbuzi na za ndege. Bibi alitembea katikati, akapita sehemu ambazo kwa macho yangu zilifanana zote, mpaka penye uzio wa matawi ya miiba. Ndani ya uzio kulikuwa na shimo, kina chake kama kifua cha mtu. Akashuka taratibu kwa kukanyaga vijishimo alivyochimba ubavuni, akapiga magoti chini. Hapakuwa na maji. Palikuwa na unyevu tu, mchanga wa rangi ya sukari guru. Akaanza kukwangua kwa kata ya kibuyu, mara kumi, mara kumi na tano, akiutupa mchanga nyuma ya bega lake. Halafu akaacha, akakaa kimya. Nikadhani amechoka, nikataka kushuka nimpokee.

"Subiri," akasema. "Yanasikia."

Mchanga wa chini ukaanza kung'aa. Hapakutokea chemchemi wala sauti yoyote. Rangi ndiyo iliyobadilika, kama shuka linalolowa kutoka upande wa pili. Kisha katikati pakawa na duara la maji lisilozidi kisahani cha chai. Lilipojaa, bibi akayachota yote akayamwaga nje. Likajaa tena, akayamwaga tena. Ya tatu akanyanyua kata akanipa. Maji ya baridi, hayana chumvi wala harufu ya matope. Nilikunywa yote.

"Hayo ya mwezi wa tatu," akasema. "Hayajaenda popote."

Kujaza dumu moja la lita 20 kulimchukua karibu nusu saa, na nyuma yetu walikuwa wameshafika wanawake wengine wanne na madumu yao, kila mmoja na shimo lake.

Niliporudi mjini nikausoma ukurasa wa 17 kama mtu aliyeandikiwa barua. Kwenye mchanga safi wenye chembe kubwa, kama robo ya ujazo wake, pengine hata theluthi, ni uwazi kati ya chembe na chembe, na mafuriko yakipita, uwazi ule unajaa maji. Jua linakausha tabaka la juu tu. Lile la chini linabaki limefunikwa, halipigwi na upepo, halinyweshwi mifugo hovyo. Korongo ni mtungi. Ukichota mchanga umechukua mtungi pamoja na maji yake. Kule Ukambani nchini Kenya, Machakos na Kitui na Makueni, watu wanajenga kuta fupi za zege katikati ya makorongo kwa makusudi, ili mchanga ulundikane nyuma ya ukuta na maji yabaki ndani yake. Mabwawa ya mchanga, wanayaita. Huku kwetu tunaupakia mchanga ule ule kwenye malori.

Na Makutupora ndipo palipouma zaidi. Visima vile ndivyo vilivyolilisha jiji hili maji kwa miongo mingi, na kina cha maji yake kimekuwa kikipimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950. Watafiti waliozifuatilia kumbukumbu hizo za zaidi ya nusu karne waliona jambo la ajabu: akiba ile haijazwi kidogo kidogo kila mwaka. Inashuka mwaka baada ya mwaka, kisha inakuja mvua kubwa isiyo ya kawaida, na ndani ya msimu mmoja inapanda kwa kishindo. Mvua za El Nino za 1997 na 1998, zile tunazozikumbuka kwa madaraja yaliyobomoka, ndizo zilizoijaza kuliko zote. Na mlango mkubwa wa maji yale kuingia chini ni korongo, Kinyasungwe Ndogo, mto wa mchanga ambao mimi kwa kalamu yangu nilikuwa nimeuita wa muda. Nilikuwa nikinywa, nikipikia na kufulia maji ya korongo kila siku ya maisha yangu ya Dodoma.

Ndipo nikaanza kulifuatilia lile neno usiku usiku, kwa hasira kidogo. Nilitaka kujua kama na wenzetu wa lugha nyingine wameumizwa nalo.

Nikakuta kwamba Aristotle aliandika habari za mdudu wa mto Hypanis, upande wa Bahari Nyeusi, anayeishi siku moja tu, akamwita kwa neno hilo hilo. Wafaransa mpaka leo wanamwita mdudu wa jamii hiyo "éphémère". Wajerumani wakatunga lao, "Eintagsfliege", nzi wa siku moja, na wanalitumia pia kwa mwimbaji aliyepata wimbo mmoja akasahaulika. Sisi tunao wadudu hao Ziwa Victoria. Kuna aina moja, Povilla adusta, wanaoibuka kwa wingi karibu na mwezi mpevu, siku chache tu, wanajaa kwenye taa. Hawana hata mdomo wa kulia. Wanapandana, wanataga, wanakufa usiku ule ule. Kiumbe cha siku moja kwelikweli, utasema. Lakini kabla ya usiku ule, mdudu huyo alikwishaishi miezi chini ya maji, katika vijitundu alivyovitoboa kwenye miti iliyozama, anakula na kukua. Mgiriki na Mfaransa na Mjerumani wote walihesabu sehemu yenye mabawa. Waliihesabu ile tu iliyowapitia mbele ya macho.

Niliposoma hapo nilisimama nikaenda kunywa maji. Hilo ndilo kosa langu, lile lile. Mto nao niliuhesabu kwa zile saa zake chache za kuonekana.

Waebrania walikuwa na "hevel", pumzi, mvuke unaotoka mdomoni asubuhi ya baridi. Ndilo neno analolirudia Mhubiri tangu mwanzo wa kitabu chake, na Biblia yetu ya Kiswahili imelitia "ubatili mtupu". Nimeikuta ubatili tangu nikiwa mtoto wa Jumapili, na nilidhani Mhubiri anaitukana dunia, anasema haina thamani. Batili kwetu ni kitu kilichofutwa, kama ndoa batili au hati batili. Mvuke haujafutwa na mtu yeyote. Mvuke upo, unauona, tena ni maji. Waraka wa Yakobo ndio uliobaki na picha yenyewe: "Maana ninyi ni mvuke uonekanao kwa kitambo, kisha hutoweka." Uonekanao. Sikuwahi kuliona neno hilo mpaka mwaka ule.

Na kitambo chenyewe ni neno la kutazamwa. Kwetu, na katika Biblia hiyo, kitambo ni muda mfupi. Ngoja kitambo kidogo. Vuka mpaka uende Nairobi, mtu akikwambia "hiyo ilikuwa kitambo", anamaanisha zamani sana. Neno moja limebeba dakika tano na miaka hamsini, na Waswahili wa pande zote mbili wanaelewana vizuri tu kwenye basi moja.

Wajapani wana neno "hakanai" kwa vitu vya aina hii, na alama yao ya kuliandika imeunganisha alama mbili, ya mtu na ya ndoto. Nilifurahi kulijua, lakini halikunisaidia. Nalo ni la kilio, ndugu wa mapito. Kilichonisaidia ni kwamba Wajapani hao hao, wakifika kwenye mto mkavu, wanaacha ndoto zao pembeni na kuuita "mizunashi-gawa", mto usio na maji. Mto kwanza, maji baadaye. Mto haupotezi cheo chake kwa sababu maji hayapo juu.

Hapo nikatambua nilikuwa natafuta upande usio wangu. Nilikuwa nawauliza wanaofikiri juu ya mauti, wakati ilinipasa kuwauliza wanaoishi kwenye nchi kavu. Mwarabu ana "wadi", na wadi ni wadi, iwe na maji au isiwe na maji. Waliondoka nalo hadi Hispania: mto Guadalquivir ni wadi mkubwa, al-wadi al-kabir, umebadilishiwa matamshi tu. Na ile barabara maarufu ya Barcelona, La Rambla, inapita palipokuwa korongo; jina limetoka kwenye "ramla" ya Kiarabu, yaani mchanga. Wasomali wana "tog". Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya wana "laga", na ukitazama ramani ya kule utalikuta limeandikwa kwenye majina ya mito yenyewe. Hakuna hata mmoja kati ya watu hawa aliyetia ndani ya neno lake habari ya ufupi wa muda. Wanaomtazama mto mkavu kila siku hawaoni kwamba ameisha.

Na sisi tulikuwa nalo siku zote. Korongo. Nilikuwa nimelitumia katika kijitabu mara chache tu, kwa dharau ya msomi, nikidhani ni neno la mtaani, wakati "mto wa muda" lilinukia ofisi.

Kijitabu kilichapwa upya mwaka uliofuata. Niligharamia kusafiri mwenyewe kurudi kijijini na rasimu kabla haijaenda kwa mchapaji, na hilo nimelifanya kanuni tangu wakati huo. Nikamsomea bibi. Nilikuwa nimeweka "korongo la mchanga" kila mahali, na pale palipohitaji neno la kitaalamu, "mto wa msimu". Msimu nao una safari yake. Ni "mawsim" ya Kiarabu, wakati uliopangiwa jambo. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walilitumia kwa pepo zinazokuja kwa zamu, kaskazi na kusi, Wareno wakalibeba wakaliita "monção", na ndipo Waingereza walipopata "monsoon" yao. Ndani ya muda mna mwisho, ndani ya msimu mna kurudi. Nilimweleza hayo yote kwa msisimko.

Bibi akasikiliza hadi mwisho. "Msimu sawa," akasema. "Lakini andika pia kwamba mwaka mwingine korongo halishuki."

Nikaandika. Ukurasa wa nne, mstari wa mwisho.

Yule bwana wa malori hakuacha kazi yake, na sitaki kumfanya mtu mbaya, ana watoto wa kusomesha kama mimi. Kijiji kiliweka mpaka: upande wa chini unachotwa, upande wa visima hauguswi. Kiangazi mpaka unaheshimiwa mchana. Usiku nasikia ni habari nyingine.

Lakini nilijifunza kwamba hata msimu linaweza kuwa uongo. Baadaye nilipewa fomu ya kutafsiri, ya watu wanaoishi kando ya Ruaha Mkuu, na swali la sita lilitaka mto uwekewe alama: wa kudumu, au wa msimu. Nikaomba niende kuijaribu fomu na watu kabla ya kuikabidhi. Mzee mmoja mvuvi akaishika kalamu muda mrefu. "Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa mto ni wa kudumu," akasema. "Wa mwisho amezaliwa ni wa msimu. Nitie alama wapi?"

Mzee alikuwa sahihi. Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, miaka mingine kwa wiki, mingine kwa miezi, viboko wanasongamana kwenye vidimbwi vinavyobaki. Huko juu, bonde la Usangu, maji yanageuzwa kwenda mashamba ya mpunga, mifereji inaendelea kuchukua hata baada ya mavuno, na ardhioevu ya Ihefu iliyokuwa ikihifadhi maji na kuyaachia polepole ikapungukiwa. Mto huo hauna msimu. Mto wa Mwagusi ulio jirani yake, ule una msimu wake tangu enzi, na tembo wanaujua, wanachimba mchanga kwa miguu na mkonga kama bibi alivyochimba kwa kata, na wanyama wengine wanakuja kunywa nyuma yao. Kuiita mito yote miwili kwa jina moja ni kumfichia mtu aliyefanya. Nikashukuru kwamba Kiswahili kina kiambishi kinachotofautisha kukauka na kukaushwa. Niliiongezea fomu ile mraba wa tatu: "uliokaushwa". Waliyonijibu ofisini ni kwamba mraba huo haumo kwenye Kiingereza. Nikawaandikia ukurasa mzima wa maelezo. Waliukubali, lakini wakaandika "uliokauka". Bado nawadai herufi mbili.

Tangu hapo, likinijia neno lolote la vitu vinavyopita, siendi tena moja kwa moja kwenye kamusi. Nauliza kwanza kama kitu chenyewe kimekwisha, au kimejificha, au zamu yake haijafika, au kuna mtu amekichukua. Ni maswali manne, na kila moja lina neno lake kwa Kiswahili, na yanachelewesha kazi. Wateja wawili nimewapoteza kwa ucheleweshaji huo.

Mwaka juzi, Januari, saa saba usiku, simu ikaita. Ilikuwa namba ya mjukuu wake bibi. Moyo ulinipasuka, maana simu ya saa hiyo unajua ni ya nini.

"Shikamoo, bibi anasema usikate, usikilize," kijana akasema.

Nikasikia kelele, kama lori linalomwaga kokoto lakini halimalizi kumwaga. Ndani yake kulikuwa na sauti ya mawe yanayogongana, na watu wakiitana kwa mbali, na mbwa. Halafu bibi mwenyewe, anapiga ukelele kushinda ule mvumo: "Limeshuka! Mjukuu wangu, unalisikia? Limeshuka!" Nilisimama gizani sebuleni, simu nimeikandamiza sikioni, nikasikiliza mpaka salio la kijana likaisha.

Asubuhi akanitumia picha. Korongo lilikuwa limenyooka kama kitanda kilichotandikwa, mchanga mpya bila unyayo hata mmoja, na uzio wa miiba umechukuliwa wote. Pembeni bibi alikuwa ameshaanza kukata matawi mengine.